Chuo Gani Nisome Ununuzi na Ugavi? Mwongozo kwa Aliyeko Mwanza na Kanda ya Ziwa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, simu yangu haipoi. Atapiga mjomba wa Sengerema, atapiga jirani wa Igoma mwenye binti aliyemaliza mchepuo wa EGM, ataandika kijana nisiyemjua kutoka Ukerewe, na swali ni lile lile: "CBE au SAUT?", vyuo viwili vilivyopo hapa Mwanza. Wengine wanauliza kama ununuzi na lojistiki ni kitu kimoja. Wapo pia wanaouliza kama kozi ina ajira wakati ada wameshalipa. Nafanya kazi ya ununuzi na stoo hapa Mwanza, na kwa ninavyoona swali la chuo huulizwa mapema mno. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: unaanza na kazi unayoitaka, unapita kwenye bodi inayosajili wataalamu, unakagua mtaala na mfuko wako, ndipo unafika chuoni.

KABLA HUJAANZA, KUSANYA HAYA

- Matokeo yako ya kidato cha nne na cha sita, au cheti na transkripti ya stashahada.
- Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Cheti kikihitilafiana jina na vyeti vya shule, anza kurekebisha leo, kwa sababu shughuli hiyo huchukua muda.
- Mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Wa shahada hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Wa astashahada na stashahada hutolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Yote miwili inapatikana bure mtandaoni. Wa mwaka jana usiutumie.
- Matangazo ya kazi matano ya kweli. Nitakueleza ya nini.
- Kiasi cha fedha ambacho mzazi au mlezi anaweza kutoa kila muhula bila kukopa. Kaeni mzungumze mpate namba. "Tutajua huko mbele" haitakusaidia kwenye hatua ya 7.
- Mtu mmoja anayefanya kazi hii na yuko tayari kujibu maswali yako. Kama humjui hata mmoja, nenda halmashauri ya kwenu ukaulize kitengo cha ununuzi kiko wapi. Salimia vizuri, jieleze, omba dakika kumi.

HATUA YA 1. CHAGUA UPANDE WA MNYORORO

Watu husema "nataka kusoma ugavi" kana kwamba ni kazi moja. Chukua minofu ya sangara uone. Samaki anavuliwa huko visiwani, anapakiwa kwenye boti la kukusanyia lenye barafu, anafika kiwandani Mwanza, anachunwa na kukatwa minofu. Minofu iliyopoozwa tu inakimbizwa kwa ndege kwenda Ulaya. Iliyogandishwa inaingia kwenye kontena la jokofu na kuteremka bandarini kusubiri meli. Katika safari hiyo kuna watu hawa:

Mnunuzi. Anatafuta wauzaji wa maboksi, dizeli na spea za mashine, analinganisha kotesheni, anaandika LPO (hati ya kuagizia mzigo), kisha anamfuatilia muuzaji hadi mzigo ufike. Ni kazi ya mazungumzo, makaratasi na sheria, na ina vishawishi vingi vya bahasha. Kama huwezi kumkatalia mtu mzima kwa adabu, hapa utateseka.

Mtu wa ghala. Anapokea, anahesabu, anaandika leja (daftari la vinavyoingia na kutoka), anatoa kwa hati. Watu huidharau kazi hii, lakini hesabu ya maboksi ikipotea kiwanda kinasimama huku samaki wako mezani. Mameneja wengi wazuri ninaowajua walianzia stoo.

Mtu wa usafirishaji. Anapanga magari, madereva, njia, mafuta na muda. Kwetu huku anahitaji kuijua barabara, reli na ziwa kwa pamoja. MV Umoja huvusha mabehewa kutoka Mwanza Kusini hadi Port Bell, Uganda. Isaka kuna bandari kavu. Kipande cha reli ya kisasa, SGR, cha Isaka hadi Mwanza chenye kilomita 341 kikikamilika hesabu zote za mizigo zitabadilika. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, lori la Geita halipangi tena foleni ya kivuko.

Mtu wa forodha. Anashughulikia nyaraka za mizigo inayoingia na kutoka nchini. Njia yake ya masomo ni tofauti kidogo, nitaitaja kwenye hatua ya 3.

Mpangaji. Anakokotoa kiasi cha kuagiza na siku ya kuagiza. Jipime hapa hapa: kiwanda kinatumia maboksi 400 kwa siku, muuzaji huchukua siku 6 kuleta, na bosi anataka akiba ya siku 3 kwa ajili ya dharura. Uagize maboksi yakibaki mangapi? Jibu ni 3,600, yaani 400 mara 9. Kama umelipata haraka na ukaanza kujiuliza itakuwaje muuzaji akichelewa siku 10, basi una kichwa cha mpangaji. Wanaojitokeza kusomea upande huu ni wachache, nami sijui kwa nini wanaukimbia.

Andika pande mbili unazozitaka, wa kwanza na wa pili. Usiandike "popote pale". Anayejibu hivyo huishia kuchaguliwa na rafiki zake.

HATUA YA 2. SOMA MATANGAZO YA KAZI KABLA YA MABANGO YA VYUO

Ingia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na tovuti za kampuni, utafute matangazo matano yanayofanana na ulichoandika. Serikalini utakutana na vyeo kama Afisa Ugavi Daraja la II. Upande wa kampuni, angalia migodi ya Kanda ya Ziwa kama Geita, Bulyanhulu na North Mara, viwanda vya samaki na vinywaji, na mashirika ya misaada. Usiisahau Bohari ya Dawa, MSD, ambayo ina ghala la kanda hapa Mwanza. Dawa na chanjo zinahitaji watu wa ghala makini kuliko bidhaa nyingi.

Chora safu nne kwenye daftari: elimu inayotakiwa, usajili wa kitaaluma, programu za kompyuta, uzoefu. Jaza kwa kila tangazo. Ukimaliza utagundua mambo mawili. La kwanza, jina la chuo karibu halitajwi kabisa. Kinachotajwa ni aina ya shahada na chuo kuwa kinatambuliwa. La pili, usajili wa bodi unajirudia, hasa kwenye kazi za serikali.

Angalizo: tazama maneno kamili ya tangazo. Likisema "Ununuzi na Ugavi", shahada ya "Usimamizi wa Biashara" yenye masomo mawili ya ugavi inaweza kukuacha nje ya mlango, hata kama wewe ndiye unayejua zaidi.

HATUA YA 3. IJUE BODI

Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, ipo kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2007. Sheria hiyo inataka anayefanya kazi ya ununuzi na ugavi awe amesajiliwa. Bodi ina mitihani yake, tofauti kabisa na ya chuo, na kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kuna ngazi za chini kwa wenye astashahada na stashahada, kisha ngazi nne za kitaalamu zinazokufikisha kwenye cheti cha mtaalamu kamili wa ununuzi na ugavi, CPSP.

Jambo la kuuliza bodi, kwa maandishi, ni hili: nikimaliza shahada fulani ya chuo fulani, nitasamehewa masomo gani na nitaanzia ngazi ipi? Hapa ndipo vyuo viwili vyenye ada sawa vinapoachana. Kozi moja inaweza kukupunguzia mitihani mingi, nyingine ikakuanzisha mbali. Usichukue neno la mtu wa dawati la udahili kwa jambo hili. Kazi yake ni kujaza darasa.

Kwa anayetaka forodha: kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, na Chuo cha Kodi kilichoko Dar es Salaam kinahusika na mafunzo hayo. Wengi huchukua stashahada au shahada ya lojistiki kwanza, kisha cheti hicho.

Utasikia pia habari za CIPS, chama cha kitaaluma cha Uingereza chenye vyeti vya ngazi mbalimbali. Migodi na mashirika ya kimataifa wanakipenda. Ni ghali na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Usianze nacho, subiri upate mwajiri, huenda akakulipia.

HATUA YA 4. PIMA SIFA ZAKO BILA KUJIDANGANYA

Kutoka kidato cha sita kwenda shahada moja kwa moja, kwa kozi nyingi za biashara unahitaji prinsipali mbili zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinafikisha. Lakini kozi husika inaweza kuongeza masharti, kwa mfano hesabu ya kidato cha nne. Soma mstari wa kozi yako kwenye mwongozo hadi mwisho, pamoja na maandishi madogo.

Aliyeishia kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza astashahada ya ngazi ya 4, apande ya 5, amalize stashahada ngazi ya 6. Stashahada yenye GPA ya 3.0 kwenda juu humfungulia shahada. Mwenye prinsipali moja na sabsidiari moja anaingia stashahada bila kupitia ngazi ya 4.

Njia ya stashahada inanyanyapaliwa bila sababu. Aliyepanda nayo huingia mwaka wa kwanza wa shahada akiwa ameshajua leja ni nini, na fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ameshakwenda. Wa kidato cha sita mara nyingi huiona leja kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

HATUA YA 5. ANDIKA ORODHA FUPI YA VYUO

Vinne hadi sita vinatosha. Hapa nyumbani una vitatu vya kuanzia.

Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965 na kina kampasi Mwanza. Ni chuo cha serikali chenye mazoea ya kufundisha kwa vitendo, na ngazi zake zinaanzia astashahada kwenda juu. Kina pia fani ya mizani na vipimo ambayo wengi hawaifikirii. Kwenye mji wa samaki, pamba na dhahabu, mtu wa vipimo hakosi pa kugonga.

Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, nayo ina kampasi ya Mwanza. Jina lisikutishe, fani ya ununuzi na lojistiki ipo kwa muda mrefu sambamba na uhasibu. Kwa anayelenga halmashauri na taasisi za umma, kusoma karibu na wahasibu kuna faida, kwa sababu kazini mtagombana nao kila mwisho wa mwezi.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, kiko Malimbe, ukipita Nyegezi. Ni chuo kikuu cha Kanisa Katoliki tangu 1998, na asili yake ni kituo cha mafunzo cha Nyegezi kilichoanza miaka ya 1960. Kina shahada ya ununuzi na ugavi, na maisha yake ni ya chuo kikuu chenye vitivo vingi: utakaa na wanasheria, waandishi wa habari, walimu.

Nje ya Mwanza, ongeza kulingana na upande uliouchagua. Usafirishaji: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Mabibo. Kimekuwapo tangu 1975 na magari, ndege na mizigo ndiyo habari ya kila siku pale. Ununuzi wa umma: Mzumbe ina jina kubwa na wahitimu wake utawakuta wizara nyingi. Ushirika na mazao: Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kuna pia Chuo cha Uhasibu Arusha. Aliyeko Bukoba asisahau kwamba Kampala ni karibu kuliko Dar es Salaam, na Shule ya Biashara ya Makerere inafundisha ununuzi na ugavi, ila shahada ya nje itabidi itambuliwe na TCU kabla haijakufaa kwenye ajira za hapa.

Angalizo: chuo chenye kampasi nyingi hakifundishi kozi zote kila kampasi. Hakikisha kozi yako, ngazi yako, imeandikwa Mwanza kwenye mwongozo. Kila mwaka wapo wanaofika na begi kisha wanaelekezwa Dar es Salaam.

HATUA YA 6. FUNGUA MTAALA

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote, na ndiyo yenye majibu. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu. Weka karatasi za vyuo mbele yako, uzilinganishe kwa kalamu.

Tafuta sheria kwanza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeondoa ile ya 2011, na zabuni za serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST ulioanza kutumika 2023 badala ya ule wa zamani, TANePS. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: "NeST mmeifungua darasani au mmeisikia tu?" Kama maelezo aliyopewa bado ni ya TANePS na sheria ya zamani, umepata jibu kuhusu chuo hicho.

Kisha tafuta hesabu. Takwimu, utafiti wa utendaji, uhasibu wa gharama, na usimamizi wa akiba ghalani. Kozi isiyo na hesabu ni tamu kusoma na chungu kazini. Angalia kompyuta pia: si somo la "utangulizi wa kompyuta" peke yake, bali Excel ya kazi na angalau programu moja ya kuendeshea stoo na manunuzi.

Halafu mikataba na majadiliano. Halafu lojistiki na usafirishaji, hata kama wewe ni wa ununuzi. Na fildi: ni wiki ngapi, mwaka wa ngapi, na je, mkufunzi huja kukukagua au hupiga simu tu?

Masomo ya kujaza nafasi yapo kila chuo. Hesabu mangapi kati ya masomo yote yanagusa ununuzi, ghala, usafirishaji au sheria zake. Yakiwa chini ya nusu, hiyo ni shahada ya biashara iliyovalishwa shati la ugavi.

HATUA YA 7. PIGA HESABU YA GHARAMA YOTE

Ada iliyoandikwa kwenye tovuti ni sehemu tu. Chora jedwali la mwaka mmoja kwa kila chuo: ada, michango ya usajili na mitihani, bima ya afya, kodi ya geto au hosteli, chakula, nauli ya kila siku, nauli ya kwenda nyumbani, bando, kuchapisha kazi, gharama ya fildi, na ada ya mitihani ya bodi. Zidisha kwa miaka.

Mtu wa Mwanza anayeishi kwao anaondoa kodi na sehemu kubwa ya chakula. Tofauti hiyo kwa miaka mitatu inaweza kulipia mitihani yote ya PSPTB na kompyuta mpakato juu yake. Ndiyo sababu mimi, mtu akinisukumia ukutani, humwambia asome hapa hapa isipokuwa amechagua usafirishaji au ana mkopo wa uhakika. Lakini angalia nauli: kutoka Kisesa hadi Malimbe kila siku si mchezo, na daladala mbili asubuhi zinakula saa za kusoma.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ni kwa shahada, na kuanzia 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada za kipaumbele ziliingizwa, usafirishaji na lojistiki ikiwamo. Soma mwongozo wa mkopo wa mwaka wako uone kama kozi yako imo kwa jina lake. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vinatakiwa vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na foleni ya uhakiki huwa ndefu dirisha likiwa wazi. Hakiki mapema.

Angalizo: usipange maisha juu ya mkopo ambao hujapangiwa. Panga kama vile hautakuja.

HATUA YA 8. NENDA UKAONE

Chagua siku ya kawaida ya masomo, si siku ya maonesho. Pita maktaba uone vitabu vya fani yako ni vya mwaka gani. Pita maabara ya kompyuta ukahesabu zinazowaka. Kisha kaa kwenye kibanda cha chipsi cha karibu, pale ndipo utaambiwa ukweli. Waulize wa mwaka wa mwisho maswali matatu: fildi mlipata wapi, waliotangulia wako wapi sasa, na somo gani hutoa sapu (mitihani ya marudio) nyingi. La tatu litakuchekesha, lakini linakuonyesha somo ambalo mwalimu hafundishi vizuri au ambalo wanafunzi huingia bila msingi. Ukilijua, unajiandaa.

Usiulize "chuo kizuri?" Wote watasema kizuri. Wako pale.

HATUA YA 9. OMBA, KISHA THIBITISHA

Shahada huombwa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, kwa awamu. Omba vyuo vyako vitatu au vinne awamu ya kwanza. Kusubiri ya pili ni kugombea mabaki. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu. Usipothibitisha ndani ya muda, nafasi inakupita hata kama jina lako lilitoka kwenye orodha. Kwa hiyo tumia namba yako ya simu, si ya mwenye steshenari aliyekujazia fomu.

Jihadhari na vishoka. Hakuna mtu mwenye "nafasi za pembeni" za ununuzi na ugavi. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya chuo, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.

UNAYEFANYA KAZI TAYARI NA UNAULIZA MBA

Kifupi tu. Kama shahada yako ya kwanza ni ya ununuzi na unataka kuwa meneja wa idara nzima, MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ya jumla ina maana. ESAMI, taasisi ya mafunzo ya uongozi ya Arusha, na vyuo vikuu vyetu vinazo za watu walio kazini. Kama shahada yako ni ya fani nyingine na unataka kuhamia ugavi, chukua shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi yenyewe. Na kama CPSP bado, malizia hiyo kwanza. Nimeona tangazo baada ya tangazo linalodai usajili. Linalodai MBA ni nadra.

UKIKWAMA

"Pointi hazitoshi." Ingia stashahada mwaka huu huu. Kurudia mtihani ukiwa unakaa nyumbani bila mpango wa kusoma ni kupoteza mwaka.

"Nimemaliza uhasibu, nataka ugavi." Huhitaji shahada ya pili. Waandikie PSPTB wakuambie unaanzia ngazi ipi, kisha tafuta kazi ya stoo kwenye kampuni uliyopo. Mhasibu anayejua ghala anatafutwa.

"Chuo nilichopata hakimo kwenye mwongozo wa TCU wala NACTVET." Usilipe hata shilingi. Kama umeshalipa, dai risiti na uulize NACTVET au TCU kwa maandishi.

"Nimepangiwa Dar, baba anataka nibaki Mwanza." Mpelekee baba jedwali la hatua ya 7 na karatasi za mitaala za hatua ya 6. Wazee wetu hawapendi mabishano, lakini hesabu iliyoandikwa huisoma. Ikionyesha kwamba Mwanza inatosha, basi naye kasema kweli.

"Fildi sijapata na muda umebaki mwezi." Umechelewa, lakini usikae. Barua usizitume kwa barua pepe peke yake. Zipeleke kwa mkono halmashauri, hospitali, bandarini, viwanda vya Nyakato na Igogo. Pita pia kwa wenye maghala ya jumla mjini. Duka la jumla lenye maghala matatu na fuso mbili litakufundisha kupokea na kutoa mizigo kuliko ofisi kubwa itakayokutuma chai. Hakikisha tu chuo kinakubali sehemu hiyo kabla hujaanza, na kwamba kuna mtu wa kukusainia kitabu.

"Nimeshaingia mwaka wa kwanza, naona nimekosea kozi." Kuhama kuna dirisha lake mwanzoni mwa mwaka, na lina mwisho. Nenda kwa msajili wiki hii, si baada ya mtihani wa kwanza. Uliza mambo mawili: kama kozi unayoitaka bado ina nafasi, na kama una sifa zake za kuingilia. Kama umeshapokea mkopo, muulize pia afisa mikopo wa chuo jinsi uhamisho unavyoripotiwa HESLB, kwa sababu jina lako likibaki kwenye kozi ya zamani fedha za muhula wa pili zitakwenda huko. Dirisha likiwa limeshafungwa, baki, faulu masomo ya hesabu na sheria, na anza kujiandaa na mitihani ya ngazi za mwanzo za bodi kwa kikao cha Mei.